Kabla ya Kununua Mashine ya Pili: Jinsi ya Kuipata Hatua Inayobana Kazi Yako

Mwenye kiwanda kidogo cha sembe akipata fedha, jambo la kwanza linalomjia ni kununua mashine nyingine ya kusaga. Mashine inaonekana na inasikika, na jirani akiiona anajua biashara imekua. Lakini mara nyingi unga unaotoka baada ya mashine ya pili kufungwa ni uleule wa mashine ya kwanza, na kilichoongezeka ni deni. Sababu yake ndiyo hoja ya mwongozo huu mzima: kazi yenye hatua nyingi huenda kwa mwendo wa hatua moja tu, ile iliyo nzito kuliko zote. Ukiongeza nguvu kwingine kokote, hupati kitu.

Nimeuandika nikiwafikiria wenye viwanda vidogo na vikundi vya Kaniha, wilayani Biharamulo, na majirani zao wa Nyakahura, Lusahunga, Nyakanazi hadi Ngara. Mfano wetu ni sembe, kwa sababu mahindi kila mtu anayajua. Anayesindika mihogo au asali, anayechoma tofali, hata anayesimamia zahanati yenye foleni ya mapokezi, maabara na dawa, atatumia hesabu hizihizi bila kubadilisha kitu ila majina ya hatua.

Funzo lililo karibu: Rusumo

Malori yanayopita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rwanda huvuka mto Kagera pale Rusumo, wilayani Ngara. Kwa miaka mingi yalivuka kwa daraja jembamba la njia moja, na dereva alilazimika kukaguliwa mara mbili: upande wa Tanzania, kisha upande wa Rwanda. Tarehe 6 Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walizindua daraja jipya la mita 80 lenye njia mbili, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja na gari husimama mara moja.

Angalia kwamba vilijengwa vitu viwili, daraja na kituo. Lingejengwa daraja peke yake, malori yangevuka upesi na kwenda kusubiri kwenye madirisha ya forodha. Kingejengwa kituo peke yake, karatasi zingekamilika mapema na malori yangesubiri zamu ya kuvuka. Kiwandani kwako mambo ni hayohayo: foleni uliyoiondoa hapa inaweza kuhamia pale, na usipoifuata utadhani hujafanya kitu.

Hatua ya 1: Fuatana na gunia moja

Chukua daftari na saa. Chagua gunia moja la mahindi lililoingia asubuhi, ulifuate tangu linaposhushwa hadi unga wake unapopakiwa kwenye pikipiki ya mteja. Andika kila linapofanyiwa kazi na kila linapokaa tu. Kwenye kiwanda cha sembe ya kuloweka utapata karibu hatua hizi: kupepeta na kuchambua, kukoboa, kuloweka na kuosha, kuanika, kusaga, kupoza unga, kisha kupima na kufunga mifuko.

Usikae ofisini ukaziandika kwa kumbukumbu. Kumbukumbu husahau kusubiri, nako ndiko kunakokula siku. Utashangaa gunia lililofanyiwa kazi kwa saa chache tu limekaa kiwandani siku 3 au 4.

Hatua ya 2: Tumia kipimo kimoja

Mchambuaji anahesabu madebe, mkoboaji anahesabu magunia, mfungaji anahesabu viroba. Kwa lugha tatu hizi huwezi kujua nani mzito na nani mwepesi. Geuza zote ziwe kilo za mahindi yaliyoingia.

Hapa pana mtego. Mahindi yakikobolewa yanatoa pumba, kwa hiyo kilo 100 hazibaki 100. Pima kwako mwenyewe, kwa sababu mbegu, ukavu na mashine hutofautiana. Katika kiwanda chetu cha mfano tuseme kilo 100 za mahindi zinatoa kilo 80 za mahindi yaliyokobolewa, na karibu hizohizo 80 za unga. Basi mashine inayosaga kilo 250 zilizokobolewa kwa saa inahudumia kilo 312 za mahindi ghafi, kwa kuwa 250 ukigawa kwa 0.8 unapata 312.5. Asiyefanya mgawanyo huu hulinganisha vitu visivyolingana.

Hatua ya 3: Andika uwezo wa kila hatua

Kiwanda cha mfano kinafanya kazi saa 8 kwa siku. Kuloweka kuna mapipa ya kutosha na kupoza kuna nafasi, kwa hiyo tuziache hizo. Hatua zilizobaki zinakwenda hivi, zote kwa kilo za mahindi ghafi kwa siku:

- Kuchambua: vibarua 4, kila mmoja kilo 70 kwa saa. Jumla 2,240.
- Kukoboa: mashine moja, kilo 400 kwa saa. Jumla 3,200.
- Kuanika: maturubai 8, kila moja kilo 150 zilizokobolewa, mzigo mmoja kwa siku ya jua. Ni kilo 1,200 zilizokobolewa, sawa na 1,500 za mahindi ghafi.
- Kusaga: mashine moja, kilo 250 zilizokobolewa kwa saa. Ni 2,000, sawa na 2,500.
- Kufunga: watu 2, kwa pamoja viroba 9 vya kilo 25 kwa saa. Ni kilo 1,800 za unga, sawa na 2,250.

Namba ndogo kuliko zote ni 1,500. Kiwanda hiki hakitoi zaidi ya hapo, yaani kilo 1,200 za unga kwa siku, viroba 48. Mwenye kiwanda anayetazama mashine hawezi kuliona hilo, maana turubai halina mota wala halipigi kelele. Mahindi yakikaa juani hakuna anayesema kazi imesimama. Kumbe turubai ndilo linaloamua.

Huna muda wa kupima hatua zote? Tembea kiwandani saa tisa alasiri, uangalie vitu viwili. Wapi mzigo umerundikana mbele ya hatua? Na baada ya hapo, nani amekaa akisubiri? Hatua iliyo kati ya rundo na mtu anayesubiri ndiyo inayobana. Hesabu itakuja kuthibitisha.

Hatua ya 4: Pata asilimia ya matumizi

Gawa kilo zinazopita kweli kwa kilo ambazo hatua ingeweza kupitisha. Kwa mzigo wa 1,500 kwa siku, kuanika kunatumika asilimia 100. Kuchambua na kufunga ni asilimia 67, kusaga asilimia 60, kukoboa asilimia 47.

Sasa jiulize: mashine ya pili ya kusaga itafanya nini? Iliyopo inalala asilimia 40 ya siku. Ukinunua ya pili, kila moja itatumika asilimia 30, na viroba vitabaki 48.

Asilimia hizi zina onyo la pili. Mkuu akiona mkoboaji amekaa nusu siku, hukasirika na kumwambia akoboe tu. Mkoboaji akitii, kilo 2,240 zote zilizochambuliwa zinakobolewa na 1,500 tu zinapata pa kuanikwa. Zilizobaki, mbichi na zimeloweshwa, zinachacha. Mtu wa hatua nyepesi akikaa kidogo hajafanya kosa. Mpe kazi nyingine, au umpeleke akasaidie panapobana.

Hatua ya 5: Kamua ulichonacho kabla ya kutoa fedha

Turubai moja likikaa tupu siku nzima ya jua, umepoteza kilo 150 za unga, viroba 6, na hakuna namna ya kuvirudisha. Mashine ya kukoboa ikisimama saa nzima, hujapoteza hata kiroba kimoja, maana ina saa nyingi za ziada. Hilo ndilo linalokuonyesha ulinzi wako uwe wapi.

Kwa hatua inayobana, fanya haya:

Kwanza, isikae bila mzigo. Mahindi ya kuanika yawe yameoshwa na kuchuja maji jua linapochomoza. Saa mbili za asubuhi zinazopotea kwa kusubiri maji ya kisima ni saa mbili za jua zilizokwenda.

Pili, isilishwe uchafu. Punje mbovu, mawe na vigunzi viondolewe kabla, kwenye kuchambua. Ukianika punje ambazo baadaye utazitupa, umelipa nafasi ya turubai kwa takataka.

Tatu, ipewe watu. Mkoboaji aliyemaliza mapema ageuze mahindi juani. Tabaka jembamba linalogeuzwa mara kwa mara hukauka mapema kuliko tabaka nene lililoachwa.

Nne, hatua zote nyingine zifuate mwendo wake. Ukijua utaanika kilo 1,200 kesho, koboa zinazotosha hizo na akiba kidogo, basi.

Usipanue kwa kupunguza ubora

Njia rahisi ya kuongeza uwezo wa turubai ni kuyaondoa mahindi kabla hayajakauka. Nakusihi usifanye hivyo. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5.

Huna kipima unyevu? Tumia chumvi. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kiasi cha robo ya chupa, ongeza punje hadi nusu, funga kizibo na utikise vizuri. Iache dakika 15 kisha itazame. Chumvi ikiwa imeng'ang'ania ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, yamekaribia kuwa tayari, ingawa chumvi peke yake haithibitishi kwamba yamefika asilimia 13.5. Jaribu punje za katikati ya tabaka pamoja na za juu, maana za juu hukauka kwanza. Kipimo hiki kinakusaidia pia kujua turubai linakaribia lini kupokea mzigo mwingine, badala ya kukisia tu.

Hatua ya 6: Sasa panua, kisha upime upya

Mwenye kiwanda chetu anaongeza maturubai 4 na kupata uwanja wa kuyatandika. Maturubai 12 yanabeba kilo 1,800 zilizokobolewa, sawa na 2,250 za mahindi ghafi. Kwa karatasi, kinachobana sasa ni kuchambua, 2,240. Ongezeko ni karibu kilo 590 za unga kwa siku, zaidi ya viroba 23.

Lakini tulihesabu mashine ya kusaga kwa saa 8 kamili, na mashine haisagi saa 8 kamili. Umeme ukikatika saa 2, na nusu saa ikaenda kwenye kubadili chekeche na kukaza mkanda, zinabaki saa 5 na nusu. Hapo inasaga kilo 1,375, sawa na takriban 1,700 za mahindi ghafi. Mwenye kiwanda aliyetegemea viroba 23 zaidi anapata 7. Kusaga, kulikokuwa na nafasi tele, sasa ndiko kunakobana. Kwa hiyo hesabu saa ambazo mashine inafanya kazi kweli, siyo saa ambazo mlango wa kiwanda uko wazi. Weka daftari kando ya swichi: ilizimika saa ngapi, iliwaka saa ngapi, sababu gani.

Na umeme wenyewe ni mnyororo wa hatua. Maporomoko ya Rusumo yana mitambo 3 yenye jumla ya megawati 80, zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini megawati hizo hazisaidii kama transfoma ya kijijini imezidiwa na mashine zinazowashwa pamoja, au kama laini iliyofika kwako haina nguvu ya kuzungusha mota yako. Kabla ya kununua mota kubwa zaidi, uliza TANESCO transfoma yenu inabeba kiasi gani na nani wengine wanaitegemea.

Kusaga kukishakuwa ndiko kunakobana, ulinzi unahamia huko. Weka akiba ya mahindi yaliyokauka mbele ya mashine, ili umeme ukirudi saa moja usiku mashine ikute mzigo unaosubiri. Saa 2 za jioni zinaifikisha kwenye saa 7 na nusu, kilo 1,875 zilizokobolewa, na kuchambua kunakuwa ndiko kunakobana tena. Nunua nyundo za akiba, yaani vyuma vinavyoponda mahindi ndani ya mashine ya kusaga, na chekeche za akiba kabla hazijahitajika. Nyundo zikichakaa, unga hutoka mnene na wa moto, na mwendo hushuka taratibu bila mtu kugundua. Nyundo nyingi zinaweza kugeuzwa zitumie ukingo wa upande wa pili, kazi ya muda mfupi kwa fundi, ifanyike kiwanda kikiwa kimefungwa.

Majira nayo hubadilisha kila kitu. Katika siku za mvua mzigo uliokauka kwa siku moja utachukua mbili, na maturubai yale 12 yatabeba nusu, 1,125. Kwa hiyo piga hesabu mara mbili kwa mwaka: ya kiangazi na ya mvua. Huenda wakati wa mvua ukahitaji banda la kuanikia lenye paa la nailoni, au uamue kutengeneza dona, ambayo haikobolewi wala kulowekwa, kwa miezi hiyo.

Mteja akiuliza, "Unga wangu lini?"

Profesa John Little wa Marekani alithibitisha mwaka 1961 kanuni inayokufaa hapa: muda ambao mzigo unakaa kiwandani ni sawa na mzigo wote uliomo, ukigawa kwa kiasi kinachotoka kwa siku. Kama kuna kilo 6,000 za mahindi kuanzia langoni hadi kwenye viroba, na zinatoka 1,500 kwa siku, anayeleta mzigo leo atasubiri siku 4. Usimwahidi kesho.

Kanuni hii inasema pia kwamba kujaza ghala hakuharakishi kitu. Ukipokea kilo 12,000 wakati kiwanda ni kilekile, siku zinakuwa 8, na fedha yako inakaa ndani ya magunia huku panya na wadudu wakiila.

Ukisagia wateja wa debe

Wanaosagia wateja wanaokuja na madebe kichwani wana tatizo la aina nyingine, kwa sababu wateja hawaji kwa mpangilio. Hapo kuitumia mashine karibu asilimia 100 ni hasara. Kwa hesabu ya kawaida ya foleni, watu wakija ovyo na mizigo ikitofautiana, na wastani wa kumhudumia mtu ukiwa dakika 6, kusubiri kunakwenda hivi: mashine ikitumika asilimia 50, dakika 6, asilimia 80, dakika 24, asilimia 90, dakika 54, asilimia 95, dakika 114. Kutoka 90 hadi 95 umeongeza kazi kidogo tu, lakini mama aliyeacha mtoto nyumbani anasubiri karibu saa mbili. Kesho atapeleka debe lake kwingine.

Tiba ya bei nafuu ni kuwapanga wateja. Waambie wenye magunia waje mchana, asubuhi na jioni ziwe za madebe. Pokea mzigo wa mteja anayekubali kuuacha na kurudi baadaye, usage saa ambazo hakuna foleni. Acha nafasi ya makusudi: mashine isiyojaa ndiyo inayowarudisha watu.

Huenda panapobana ni nje ya kiwanda

Kabla ya kutumia shilingi moja kupanua, uliza maswali mawili. La kwanza: unga unaisha? Kama maduka na malori ya Nyakanazi yananunua kilo 900 kwa siku na wewe unatoa 1,200, kinachobana ni soko. Fedha ziende kwenye vifungashio, alama ya ubora ya TBS na usafiri wa kufikia wanunuzi wapya. La pili: mahindi yapo mwaka mzima? Kama mtaji unaisha miezi miwili baada ya mavuno na mashine inalala hadi msimu mwingine, kinachobana ni fedha ya kununulia mahindi, na mashine mpya italala pamoja na ya zamani.

Kikundi kinachokwenda kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kiende na karatasi moja yenye mambo manne: uwezo wa kila hatua kwa siku, hatua inayobana, kitu kitakachonunuliwa kuipanua, na viroba vitakavyoongezeka baada ya hatua inayofuata kuanza kubana. Karatasi ikionyesha kwamba maturubai 4 na nyundo za akiba vinatosha, ombeni fedha za maturubai na nyundo. Mkopo mdogo uliokwenda mahali pake hulipika, na kikundi kilicholipa kitasikilizwa kikirudi siku ambayo namba zenyewe zitadai mashine ya pili.